Mwezi Mpevu Nilioupeleka Morisi

Siku Bwana Erik aliponiambia, "Utakwenda nasi," ilinipasa nijibu kwamba siwezi, nina harusi nyumbani. Maneno hayo ni machache na nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, ofisini Gungu, na nje vijana walikuwa wakipakia magunia ya unga wa kambini. Nikasema, "Nashukuru sana, bwana." Safari ninayotaka kuwasimulia ilianza kwa maneno hayo, na kila nikiikumbuka narudi kwenye meza ile kwanza.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Kigoma ilikuwa imejaa malori, na kampuni ya Bwana Erik ilichukua chakula kutoka stesheni na kukipeleka kambi za njia ya Kasulu na Kibondo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, naandika Kiingereza kinachosomeka, nikafanywa mpangaji wa safari: lori lipi litangulie, lilale wapi, barabara ikikatika lizungukie wapi. Niliipenda kazi hiyo. Watu waliniita Mzee wa Mipango nikiwa bado sina mvi.

Bwana Erik alitoka nchi ya baridi, huko kaskazini mwa Ulaya. Alikuwa mpole na hakumdhulumu mtu. Starehe yake ilikuwa moja tu, gofu, na Kigoma haina uwanja wa gofu. Basi jioni alisimama mteremkoni nyuma ya nyumba yake, upande wa Bangwe, akipiga mipira kuelekea ziwani. Wavuvi wa nyavu za kokoro wa Katonga wakawa wanaivuta pamoja na dagaa. Shemeji yangu Kassimu, mvuvi wa Ilagala, alipewa mmoja na wenzake akaniletea Ujiji ameuviringisha kwenye kitambaa.

"Shemeji, hili ni yai la nini?"

"Siyo yai. Ni mpira wa bosi wangu."

"Umemponyoka?"

"Anaupiga makusudi, kwa fimbo."

"Halafu?"

"Halafu anachukua mwingine."

Kassimu aliugeuzageuza mpira, akaupima kwa mkono, akaunusa. "Huyu bwana," akauliza kwa huruma, "hana mke?"

Huo ndio mchezo ulionitoa Kigoma. Bwana Erik alitaka kuwaalika wakubwa wenzake, wale wenye meli na wale wenye maghala, wapumzike pamoja kisiwani Morisi, kwenye hoteli yenye uwanja wa gofu unaoshuka hadi baharini. Alinipa mimi kazi ya kupanga kila kitu: ndege za wageni, vyumba, zamu za kucheza, vyakula vya asiyekula nyama na vya asiyekula samaki. Nilikaa na mpango ule majuma mengi. Kwa simu na kwa faksi niliifahamu hoteli ile, nikajua chumba kipi kinapata upepo na kipi kiko karibu na jiko, wakati sijawahi hata kupanda ndege.

Jambo la mwisho alilotaka ni chakula cha jioni ufukweni, chini ya mwezi mpevu. Akaniuliza, "Mwezi utajaa lini?"

Mtu mwingine angetafuta kalenda. Mimi nimezaliwa Ilagala, karibu na mahali Malagarasi inapoingia ziwani, na kwetu mwezi haufichiki. Dagaa huvuliwa kwa karabai, usiku wa giza. Mwezi ukikua, mwanga unatapakaa juu ya maji, dagaa hawakusanyiki tena kwenye taa, na wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu. Siku hizo za mbalamwezi ndizo siku zetu za kuishi na watu. Ndipo tunapopatanisha waliogombana na kuezeka nyumba za wajane, na harusi zote huwekwa hapo. Kwetu haozi mtu binti wakati wa giza. Pilau italiwa na nani, wanaume wote wako ziwani?

Kwa hiyo nilimjibu Bwana Erik papo hapo, bila kutazama ukutani. Na kabla sijamaliza kutamka tarehe nilijua nimetaja siku gani.

Ilikuwa siku ya nikahi ya Mwajuma.

Mwajuma ni mtoto wa marehemu mdogo wangu wa kiume. Wazazi wake walifariki angali ananyonya, mimi na mke wangu Zuhura tukamlea Ujiji, na tangu aanze kusema aliniita Baba. Watoto wengine Mungu hakutujalia. Mchumba wake alikuwa Yahya, kijana Mwislamu wa Rumonge, ng'ambo ya Burundi, aliyevuka ziwa na mama yake vita vilipoanza. Hakukaa kambini. Alikuwa fundi wa mitumbwi pale Ujiji, na mkono wake ulikuwa mzuri hata wavuvi wa Kibirizi walimletea mitumbwi inayovuja. Nilimpenda kijana yule, wala tatizo halikuwa yeye.

Kwa Waislamu wanaosoma hapa sina haja ya kueleza, lakini wengine wajue: binti huozwa na walii wake, mwanamume wa upande wa baba. Mwajuma hakuwa na baba, babu wala kaka, alikuwa na mimi tu. Kassimu ni mjomba wake, ndugu wa mama yake, na mjomba hawezi kuwa walii. Lakini walii akiwa na udhuru anaweza kumpa mtu mwingine uwakili kwa neno la mdomo, na aliyepewa akamwoza binti kwa niaba yake. Neno moja tu, na watu wawili wasikie.

Jioni ile nilipoeleza nyumbani, Kassimu alikuwepo, amekuja kupanga mambo ya wali na mbuzi.

"Nenda, shemeji," akasema. "Mzungu wa watu asikose fimbo zake. Nipe mimi uwakili, nitamwoza."

"Hapana. Nimemlea mimi, nitamwoza mimi. Tusogeze hadi mbalamwezi ijayo."

Zuhura alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Mwezi si dada yako," akasema, "hata umwambie akungoje."

Mwajuma aliketi mlangoni. Nilimtazama, naye akacheka kidogo, kama mtu anayemsaidia mwingine kutoka kwenye matope. "Baba, ukienda si utarudi?"

"Nitarudi."

"Basi. Nimesubiri giza mbili, nitasubiri na ya tatu."

Kigoma stesheni. Wakubwa waliondoka kwa ndege. Mimi nilitangulia kwa treni kwa sababu mifuko ya fimbo za gofu ilikuwa mirefu na mizito, na ndege ndogo za Kigoma haziipokei. Nilipewa behewa la daraja la pili na ile mifuko nikailaza kitandani, mimi nikakaa pembeni kama mgonjwa anayemlinda mgonjwa mwenzake. Zuhura alinipa chapati na dagaa wa kukaanga. Yahya ndiye aliyenibebea mizigo hadi ndani. Aliishika ile mifuko kwa namna ya fundi, akisikiliza vyuma vinavyogongana.

"Baba mkwe, hivi ni vyuma vizuri," akasema. "Vinachonga nini?"

"Vinapiga mpira tu."

"Basi wakichoka navyo waniletee."

Treni ilipoanza kutembea alikimbia nayo hatua kadhaa, akiinua mkono. Hiyo ndiyo picha yake niliyobaki nayo ya wakati alipoweza kutembea mji mzima apendavyo.

Uvinza tulinunua chumvi dirishani. Baada ya hapo ni miombo, mchana kutwa, na vituo vidogo ambapo watu wanauza asali na kuku hai. Wenzangu behewani, mfanyabiashara wa mawese na mwalimu mmoja wa Kasulu, waliitazama ile mifuko kwa muda mrefu kabla ya mwenye mawese kushindwa kujizuia.

"Mzee, humo kuna watu?"

"Kuna fimbo za kuchezea."

"Za kuchezea ngoma gani?"

Nikawaeleza gofu: mpira mdogo, shimo dogo lililo mbali sana, na mtu anayepewa sifa kwa kupiga mara chache. Mwalimu alifikiri, akasema, "Kumbe ni mchezo wa wavivu wenye nguvu." Tukacheka mpaka mwenye mawese akamwaga chai.

Tabora hatukucheka. Miaka ile watu wa kutoka Kigoma walitazamwa mara mbili, na askari wa stesheni alipoona mifuko mirefu yenye vyuma aliniamuru niishushe. Niliifungua mbele ya abiria wote, nikatoa fimbo moja baada ya nyingine. Askari alichungulia ndani ya kila mfuko, akatingisha, ikaanguka glavu moja nyeupe.

"Mkono mmoja tu?" akauliza.

"Ndiyo, afande. Wanavaa mkono mmoja."

"Na mwingine?"

"Mwingine hauvai kitu."

Akanitazama kama anayetafuta uongo ulipo, asiuone. "Pandisha mizigo yako," akasema. "Ulaya kuna mambo."

Tulifika Dar es Salaam asubuhi yenye joto. Kwa mara ya kwanza maishani nikapanda ndege, kwanza hadi Nairobi, kisha juu ya bahari. Nisiwadanganye, nilifurahi. Nilikaa dirishani nikaona mawingu kwa chini, yamelala kama pamba ambayo Yahya hushindilia kwenye nyufa za mitumbwi. Nilijiambia, mtoto wa Ilagala, huyu hapa. Sikumfikiria Mwajuma hata mara moja hadi tulipotua.

Morisi ni nchi ya kijani. Miwa kila upande, na katikati ya miwa milima midogo iliyochongoka. Hoteli ilikuwa sawasawa na nilivyoipanga, jambo lililonishangaza, kana kwamba nimeijenga mimi. Yule bibi wa mapokezi, ambaye nilikuwa nimewasiliana naye kwa faksi kwa majuma yote yale, alinishika mikono yote miwili. "Kwa hiyo wewe ndiye unayejua vyumba vyangu kuliko mimi!" Alinipa chumba chenye upepo.

Uwanja ule sitausahau. Majani yalikuwa yamekatwa mafupi kama zulia la msikitini, mita nyingi kiasi cha kulima mihogo ya kijiji kizima, na hapakuwa na mtu aliyelima kitu. Nilisema hivyo kwa mbeba fimbo aliyepewa zamu ya Bwana Erik, mtu mzima wa makamo kama yangu, jina lake Siven. Tuliongea Kiingereza, chake kibovu na changu kibovu, tukaelewana vizuri.

"Mihogo?" akasema. "Ukilima hapa, wataitafutia jina la kigeni na kukuuzia sahani moja."

Siku zilizofuata zilienda kama nilivyoziandika. Wakubwa walicheza asubuhi, walilala mchana, walikula jioni. Nilikaguakagua, nilipanga magari, nilisikia jina langu likitajwa kwa sifa mezani. Mmoja wa wageni, mwenye meli, alimwambia Bwana Erik mbele yangu, "Huyu mtu wako hakosei." Nilitembea na sentensi hiyo siku nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Siku ya mwezi mpevu, asubuhi, nilifuatana na Siven uwanjani. Bwana Erik alikuwa mbele akitafuta mpira wake majanini. Siven akaniuliza kama nina watoto.

"Binti mmoja. Anaolewa."

"Vizuri! Lini?"

"Ingekuwa leo."

Alisimama. Aliteremsha mfuko begani, taratibu, akauweka chini. "Na wewe uko hapa na sisi, unatafuta mpira?"

"Nimewaambia wanisubiri."

Hakunilaumu. Alionyesha kwa kidevu jengo la hoteli. "Simu ziko pale. Mimi binti yangu alipoolewa nililia hadi nikaaibika. Piga simu, ndugu yangu, angalau umlilie kwa mbali."

Nilikwenda. Na ninataka niandike kwa usahihi, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponihurumia kupita kiasi: nilikwenda kwenye simu ile nikiwa nimeshaamua kutoa neno. Niliamua njiani, kati ya uwanja na mlango. Nitampa Kassimu uwakili, nikahi ifungwe leo leo, na nitakaporudi tutakula tena.

Simu ya ofisini ilipokelewa na Jozefina, mama wa Buzebazeba aliyekuwa karani mwenzangu.

"Mwakeye, Mzee wa Gofu! Umeshatia mpira shimoni?"

"Jozefina, kuna mtu anaweza kunikimbilia Ujiji aniitie Kassimu?"

"Wa nini kukimbia? Yuko hapa tangu asubuhi, amekalia kiti chako. Watu wako wote wa Ilagala wamekuja mjini. Haya, ongea naye."

Nikasikia simu ikishikwa vibaya, kisha sauti ya Kassimu, kubwa mno, kama anaita mtumbwi ulio mbali.

"Shemeji! Sikiliza. Kuna maneno mjini. Wanasema wakimbizi wote wanaokaa mitaani watapelekwa kambini. Hatujui lini. Tusingoje. Sheikh amekubali, mashahidi wapo, Jozefina atasikia na dereva wenu huyu hapa atasikia. Nipe neno."

"Nani amesema wakimbizi wanapelekwa?"

"Watu wote. Nipe neno tu, shemeji. Mimi nishajiandaa kabisa, Zuhura kaniazima kanzu yako ile nyeupe, na kofia. Imenikaa vizuri kuliko wewe!"

Akacheka. Alitania, ndivyo shemeji anavyotania. Lakini mimi nilimwona. Nilimwona kwenye mkeka wangu, ndani ya kanzu niliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo, ameushika mkono wa Yahya mbele ya Ujiji nzima, na watu wakisema, Kassimu amemwoza Mwajuma. Miaka yote niliyombeba mtoto yule ikawa imevaliwa na mtu mwingine.

Nikasema, "Maneno ya mjini yamekuwepo tangu mwaka juzi. Nisubirini. Mbalamwezi ijayo si mbali."

Kisha Kassimu akasema kwa sauti ya kawaida, ambayo ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea, "Haya, shemeji. Binti ni wako."

Alasiri mawingu yalikuja kutoka baharini. Magharibi ilipofika mvua ilikuwa inanyesha moja kwa moja, bila upepo, mvua ya kutulia. Tulihamisha meza zote ndani. Wageni hawakujali, walikula, wakacheza karata, na Bwana Erik alinipigapiga bega akisema hali ya hewa haipangwi na mtu. Nilisimama barazani nikitazama upande ambao mwezi ulipaswa kutokea. Haukuonekana hata kwa dakika moja. Kwetu, Kassimu aliniambia baadaye, ulikuwa mweupe kiasi cha kuokota sindano, na watu wa Ilagala walikaa nje ya nyumba yangu wakila mbuzi waliokwisha chinjwa, kisha wakarudi kwao kungojea giza.

Kabla ya kuondoka nilimnunulia Mwajuma kitambaa cha kujitanda, cheupe chenye nyuzi za dhahabu. Siven ndiye aliyenichagulia. "Hiki ndicho binti yangu alivaa," akasema, "rangi tofauti."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, kwa sababu sikubaki na kitu cha kungojea kukiona. Dar es Salaam ilibidi ningoje treni. Wageni walikuwa wamegawana fimbo zao na kuondoka kila mtu na ndege yake, mimi nilikuwa na begi langu na kitambaa tu. Nilijipa moyo kwa kupanga harusi upya: nani aketi wapi, mbuzi wangapi waongezwe, Kassimu nitampa heshima gani ya kumtuliza. Nilikuwa hodari wa kupanga.

Tabora alipanda mama mmoja, mchuuzi wa dagaa, amemaliza mzigo wake na anarudi Kibirizi kuchukua mwingine. Alikaa mbele yangu akajifungua viatu.

"Za nyumbani, mama?"

"Nyumbani kumepoa, baba. Mafundi wamekwisha. Mtumbwi wangu unavuja, sina wa kuuziba."

"Wamekwenda wapi?"

"Wewe umetoka wapi? Warundi si wamechukuliwa! Mtaa kwa mtaa, Ujiji, Gungu, kote. Wamekusanywa, wamepakiwa, kambini. Wengine wamekaa nasi miaka hadi tumesahau kama ni wageni. Wengine wameoa kwetu."

Nilimwuliza kama alisikia habari za fundi mmoja kijana, Yahya wa Rumonge. Alifikiri kwa wema. "Baba, walikuwa wengi," akasema.

Malagarasi tuliivuka alfajiri. Nilisimama dirishani. Mto ule unapita hapo ukiwa na maji yaleyale yatakayofika Ilagala, na nikawaza kwamba yatafika kwetu kabla sijajua la kumwambia mtu.

Ujiji nilifika mchana. Zuhura alikuwa uani. Alinipokea begi, akanipa maji, akaniketisha. Hakuninyima adabu yoyote. Kisha akaniambia kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kuyasema peke yake mara nyingi.

Lori lilisimama pale penye karakana ya mitumbwi. Yahya na mama yake waliitwa, wakatoka na vifurushi. Mwajuma alikuwa amekwenda kumpelekea chakula. Aliyesimamia akauliza, huyu naye ni wa kwenu? Kabla Yahya hajajibu, Mwajuma akasema, "Mimi ni mkewe." Zuhura alipofika mbio, mtoto alikuwa ameshapanda. Akamwambia, "Shuka, mwanangu, wewe ni wa hapa, baba yako anakuja." Na Mwajuma, akiwa juu ya lori, amemshika mkono mama yake Yahya, akajibu bila ukali, "Mama, nimemsubiri Baba. Yahya sitamsubirisha."

Nilikuwa bado nimekishika kile kitambaa.

Kambini nilikwenda kwa lori letu la unga, lori nililolipanga mwenyewe. Dereva hakuongea nami njia nzima, na sikumlaumu. Ndiye yule aliyekuwa ofisini kusikia neno ambalo sikulitoa. Kambi ilikuwa vilima vizima vya udongo mwekundu na maturubai. Watu walinipokezana, "Amahoro, mzee," hadi kwenye nyumba ndogo ambayo mtu alikuwa ameijenga kwa ustadi, fito zake zimenyooka kama mbavu za mtumbwi. Nikajua ni ya Yahya kabla sijabisha.

Mwajuma alitoka. Alikuwa amekonda kidogo. Alipiga goti, akainamisha kichwa, akasema:

"Shikamoo, mzee."

Mzee. Wako wazee wengi kambini, na kila mmoja aliyepita pale alisalimiwa vivyo hivyo.

Alinipa kigoda, akanipa maji. Yahya alikuja akanishika mkono kwa heshima, akauliza habari za ziwa. Walikuwa wamefunga nikahi juma lililotangulia. Imamu wa kambini alimwuliza Mwajuma walii wake yuko wapi, kwa maana angeweza kutuma mtu Ujiji. Mwajuma alijibu mbele ya mashahidi kwamba hana walii. Imamu akamwoza yeye mwenyewe, kama anavyoozwa binti asiye na mtu. Hayo nilielezwa na Yahya, polepole, akitazama chini. Mwajuma alikuwa anachochea moto.

Nilitoa kitambaa. Alikipokea kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa kupokea cha mgeni.

"Asante, mzee. Mungu akuzidishie."

Nilimwomba msamaha pale pale. Akasema amesamehe, na ninaamini alisamehe. Lakini kusamehe ni jambo moja, na kuniita Baba ni jingine, nalo hakulirudia siku ile wala siku nyingine.

Nimesikia watu wakinifariji kwamba hata angekuwa ameolewa, lori lingewachukua. Ni kweli, waliooa walichukuliwa. Ningempoteza kwa macho tu, angekwenda na mkono wangu begani, na siku kambi zinafungwa angekuwa na nyumba mbili za kurudi. Nilichojifunza katika safari ile ni kidogo na nilikijua tangu Ilagala: mwezi mpevu haugawanywi kwa watu wawili, na mtu mwenye neno moja tu la kutoa alitoe wakati anaombwa.

Mwajuma na Yahya walivuka kurudi Rumonge amani iliporudi. Kassimu huwatembelea siku za mbalamwezi, wakati karabai zimezimwa na mitumbwi imelala, naye huniletea salamu za adabu. Zuhura alikwenda naye mara mbili kabla hajafariki. Wana watoto wanne. Watoto hao wanaye babu wa Ilagala, ni Kassimu, na hakuna aliyewaambia kwamba yuko mwingine Ujiji. Mimi sijawahi kuwaona.